Risasi Kumi na Tatu za Bwana Suweid

Vijana wa karakana mmenitaka niandike miaka yangu ya kazi, na nadhani mlitumai mzee ataandika vichekesho. Nitaandika. Lakini niwaambie mapema kwamba nimestaafu nikiwa na hasira, na sioni kwa nini niivue na kuitundika msumarini pamoja na ovaroli. Vyeo sina cha kusema. Aliyetaka kujua nikilipwa nini akawaulize walionilipa. Mimi nitasema juu ya kitu ambacho wengi wenu mnakidharau: magazini ya bastola, kile kijisanduku cha bati kinachoingia kwenye mpini, na springi iliyomo ndani yake. Kitu kidogo hiki kilimharibia mtu mkono, na sisi tuliokijua tulikuwa tumesimama tunatazama.

Nilianza kazi mwanzo wa miaka ya tisini, hapa hapa Nizwa, Omani, duka likiwa karibu na soko. Mbele palikuwa na kaunta, wenye vibali wakija kununua. Nyuma ndiyo karakana: jiriwa mbili za kubania vyuma, tupa za kila namna, jiko la mafuta ya taa la kupikia kahawa, na feni iliyokuwa ikipiga kelele kuliko upepo. Kazi kubwa ilikuwa bunduki ndefu za mababu, zinazoletwa kabla ya harusi na sikukuu, na kila mmoja anasema yake haina ubovu wowote ila "imekwama kidogo". Kulikuwa na mtu aliyeipaka yake samli. Samli ya ng'ombe, wallahi. Tulikaa siku mbili tunakisafisha chuma kile na paka wa soko zima wako mlangoni.

Mimi nilitoka Ibra, nyumba ya watu waliorudi kutoka Unguja, Kiarabu changu kikiwa bado kina lafudhi ya kule, na sokoni wakinicheka. Aliyenipokea ni Maalim Zahran, fundi mkuu. Yeye ni mtu wa Izki, lakini ujana wake aliumalizia Unguja akitengeneza baiskeli na vyerehani. Kwa hivyo mimi na yeye tukisema Kiswahili, na pale dukani hapakuwa na mwengine aliyekielewa. Hiyo ni faida kubwa kazini, msiidharau.

"Shikamoo, Maalim," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Kaa." Hakuniuliza cheti. Alinisogezea magazini tupu na sahani ya risasi za mazoezi, zile zisizo na baruti. "Jaza."

Nilijaza sita. Ya saba ikanigomea. Nilisukuma mpaka ukucha ukabadilika rangi, risasi ikachopoka, ikagonga ukuta, ikaingia ndani ya birika la kahawa. Mafundi wawili waliokuwapo wakaangua kicheko. Maalim hakucheka. Aliwaambia watoke nje wakahesabu mbuzi wa soko, kisha akanigeukia.

"Unasukuma chini kama mtu anayepanda mbegu," alisema. "Haiendi hivyo. Kitako cha risasi ndicho kinachotangulia. Kiweke mbele, juu ya ile iliyomo. Ibonyeze ile ya chini kwa hii ya juu, kisha telezesha nyuma mpaka iingie chini ya midomo ya bati. Na usitumie ncha ya kidole. Tumia hapa." Akanigusa kifundo cha gumba. "Ncha ya kidole ni ya kuhesabia tasbihi."

Ilinichukua siku tatu kufika kumi na tatu, ambayo ndiyo idadi inayoingia kwenye magazini ile. Siku iliyofuata sikuweza kufunga kifungo cha kanzu yangu.

Kanuni ya Maalim ilikuwa moja, na aliishika kama mtu anavyoshika kibla. Kila bastola iliyouzwa, magazini zake zilipita kwanza nyuma kwetu. Tulizifungua, tukaosha ile grisi nzito ya kiwandani, tukapitisha kidole ndani kutafuta ncha za bati zinazokwaruza, tukazijaza na kuzimwaga mara kumi ili springi izoee. Kisha mnunuzi akiitwa, akikaa kwenye kibao, anajaza mwenyewe mbele yetu. Akishindwa hatoki nayo siku hiyo. Anafundishwa, anarudi kesho. Nilimwona mkubwa mmoja wa ofisi, mtu ambaye akipaza sauti makarani huficha miguu chini ya meza, anashindwa na ya nane huku jasho linamtiririka. Maalim alimmiminia kahawa akamwambia, "Hata mimi, siku za baridi, gumba langu hukataa kazi." Uongo mtupu. Gumba la Maalim lilikuwa kama nyundo. Lakini yule bwana alitulia, akajaribu tena, akafika.

Mtu anaponunua silaha yake ya kwanza anakuwa na khofu mbili. Anaiogopa silaha, na anaogopa kuonekana kwamba anaiogopa. Ukimcheka, ile khofu ya pili inaipiku ya kwanza, na hapo ndipo mtu anapofanya jambo la hatari. Haya Maalim hakunifundisha kwa maneno. Niliyaelewa baadaye, na bei yake sikuilipa mimi.

Katikati ya miaka ile macho ya Maalim yakaingia mtoto wa jicho. Alirudi Izki kwenye mitende yake, na mimi nikashika karakana. Na tajiri, mwenye duka, naye alikuwa amechoka, akamwachia mwanawe Mahir asimamie. Mahir alikuwa amesoma nje. Nitamtendea haki: alileta taa nzuri, akatupa ile feni, na alijua kusema na watu kwa simu. Lakini hakuwahi kushika tupa maishani mwake, na aliamini kwamba kitu asichokijua yeye si elimu.

Wiki ya kwanza aliingia karakana akamkuta mnunuzi amekaa kwenye kibao anajaza.

"Khalfan, hii nini?" aliniuliza kwa Kiarabu. "Tumefungua skuli ya watoto?"

Nikamweleza kanuni. Akanisikiliza huku anatazama saa. "Mtu akinunua gari, muuzaji anamfundisha kuendesha? Kuanzia leo inauzwa, inafungwa, anaondoka nayo."

Nikasema sawa. Andikeni hapo: fundi wenu, miaka yote ile mikononi mwa Maalim Zahran, alisema sawa.

Baadaye ikaja kartoni ya magazini peke yake. Hazikutoka kwa waliotengeneza bastola zile. Zilikuwa za mtu mwengine, za rahisi, umbo lile lile. Mahir akatoa magazini za asili kwenye visanduku vya bastola, akaziweka kuziuza mbali kama vipuri, na mahali pake akatia hizi mpya. Mimi sikuulizwa, wala sikupewa nafasi ya kuzifungua. Hazikupita nyuma tena.

Bwana Suweid alikuja mwezi mmoja baadaye. Huyu alikuwa sonara wa Ibra, mtu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kilemba chake daima kimefungwa vizuri. Alijifunza usonara Unguja kabla ya kuondoka huko, na mabibi harusi wa Sharqiyah nzima, kutoka Ibra mpaka Sur, walikuwa wakivaa kazi yake. Alikuwa na uzi wa dhahabu anaousuka mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Akisafiri na dhahabu za watu garini, na njiani aliwahi kufuatwa na gari ya watu asiowajua mpaka akakimbilia kituo cha mafuta. Baada ya hapo akaomba kibali cha bastola, akazungushwa maofisini, mwisho akakipata. Alinijua tangu mdogo. Marehemu mama yangu alivaa bangili zake.

Alinunua, akaondoka. Siku tatu baadaye akarudi. Mimi niko nyuma, na dirisha la karakana linaona kaunta.

"Mwanangu," alimwambia Mahir kwa adabu, "hii inaingia risasi tano tu. Ya sita haikubali."

Mahir alikuwa na watu wanne mbele yake, wateja wa maana, vijana wenye miwani ya jua kichwani. Akaichukua magazini, akaitazama kama mtu anayetazama samaki wa jana, akairudisha.

"Baba, hiyo nzima. Ni vidole vyako. Nenda kale tende kidogo, au mpe bibi nyumbani akujazie."

Wale vijana wakacheka. Bwana Suweid naye akatabasamu, lile tabasamu la mtu mzima anayejitahidi uso wake usianguke. Akaitia magazini mfukoni. Kabla ya kutoka aliinua macho akaniona dirishani. Nami nikainamisha kichwa kwenye jiriwa, nikapiga tupa kwenye chuma ambacho hakikuhitaji kupigwa tupa.

Nilimfuata nje, hilo nililifanya. Nilimkuta kwenye gari. Nikamwomba ile magazini, nikajaribu mwenyewe pale pale kwenye boneti na risasi za mazoezi nilizokuwa nazo mfukoni. Mimi, na gumba langu la sugu, kumi zilinitoa jasho. Ya kumi na moja sikuiweza.

"Ami Suweid," nikamwambia, "si vidole vyako."

"Basi nini?"

Na hapa ndipo palipo na aibu yangu. Nilikuwa nishahisi kwamba springi ile si ya kipimo chake. Nilipaswa kumwambia: nipe, usiiguse, nitakubadilishia leo. Badala yake nilifikiria uso wa Mahir, nikafikiria kazi yangu, nikasema lile neno ambalo kila muuza duka hulisema. "Springi mpya huwa ngumu. Tia tano, iache wiki moja, italegea."

Ni kweli springi mpya hulegea kidogo. Ndiyo maana uongo ule ulikuwa mzuri.

"Sawa, Khalfan," alisema. "Wewe ndiye unayejua."

Siku ile ile nilichukua moja katika kartoni nikaifungua bila ruhusa. Springi ilikuwa ndefu kuliko ya asili kwa mizunguko miwili mizima, nene, imeshindiliwa humo kwa nguvu. Ndani bati halikusuguliwa. Nilipitisha kidole kikatoka na damu. Nikaipeleka kwa Mahir. Akasema, "Zinapiga?" Nikasema zinapiga, ukiweza kuzijaza. Akasema, "Basi." Nikarudi nyuma.

Wiki haikutimia. Asubuhi moja, duka limejaa kwa kuwa ilikuwa siku ya soko la mbuzi, aliingia mwanamke wa makamo, shela jeusi, uso umekauka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kaunta, akaweka kitambaa cheupe juu ya kioo, akakikunjua. Ndani mlikuwa na magazini, midomo ya bati imepinda, na kitambaa chenyewe kina damu iliyokwisha kuwa kahawia.

"Mimi Rayya, binti wa Suweid sonara," alisema kwa Kiarabu safi cha mwalimu wa skuli, kwani ndiyo kazi yake. "Nani hapa alimcheka baba yangu?"

Mahir akatazama karatasi zake.

Bwana Suweid, mnaona, hakukubali kushindwa. Aliporudi nyumbani aliiacha wiki kama nilivyomwambia, isipokuwa haikufika wiki. Siku ya tano akaona haya ya kukaa na silaha asiyoiweza. Akachukua kifaa anachokijua, patasi yake ndogo ya kuchongea dhahabu, kali kama wembe, akaishika magazini mkono wa kushoto akaikandamiza risasi ya sita kwa ncha ya patasi. Ikateleza. Iliingia chini ya gumba la kushoto ikakata mshipa unaokunja kidole. Hospitali waliushona, lakini wakamwambia wazi kwamba gumba lile halitakunja tena kama zamani.

Sonara. Mkono wa kushoto ndio unaoushika uzi.

Nilitoka karakana. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Mimi sikumcheka, bibi. Mimi nilinyamaza."

Akanitazama. "Wewe ndiye Khalfan?"

"Ndiye."

"Sikuuliza nani aliyenyamaza," alisema, naye kwa Kiswahili. "Lakini umefanya vizuri kujitaja. Baba aliniambia, Khalfan ndiye anayejua."

Sijui kama mmewahi kukasirika mpaka masikio yakaziba. Nilirudi nyuma, nikaibeba kartoni nzima, nikaimwaga juu ya kaunta mbele ya watu. Nikachukua magazini moja na sahani ya risasi za mazoezi, nikazisogeza mbele ya Mahir.

"Jaza," nilimwambia.

"Khalfan, rudi kazini."

"Hii ndiyo kazi. Wewe kijana, umekula tende, vidole vyako vizima. Jaza."

Watu walikuwa wanatazama, na Mahir alikuwa mtu wa kuangaliwa, hakuweza kukataa. Alijaza. Nne zilikwenda. Ya tano alikunja uso. Ya saba alisimama kutoka kitini. Ya nane ilimchopoka, ikampasua ukucha, akatia kidole mdomoni kama mtoto.

"Endelea," nilisema. "Bado sita."

Mtu mmoja, Bedui mzee aliyekuwa amekuja na bunduki yake, akaichukua ile magazini akaijaribu, akaitupa chini. "Hiki mtego wa panya," akasema. Hapo hakuna aliyecheka.

Tajiri aliletwa kutoka nyumbani. Alisikiliza, akazipima springi mbili kwa macho yake, ya asili na ile nyengine, akaagiza kartoni iondolewe na waliouziwa waitwe wote wabadilishiwe. Alikuwa mtu mwadilifu kwa kiasi chake. Lakini nilipomwambia amtume mwanawe Ibra akamtake radhi Bwana Suweid, alinishika bega akanipeleka pembeni.

"Ya Khalfan, maneno ya dukani yakitoka yanakuwa maneno ya soko. Tumerekebisha. Yaliyobaki tumwachie Mungu."

Mungu! Watu wakishaharibu kwa mikono yao humkabidhi Mungu asafishe. Nilimwambia nitakwenda mwenyewe, na kwamba kuanzia siku ile hakuna magazini itakayotoka mlangoni bila kupita kwenye kibao cha Maalim Zahran, ama nafunga sanduku langu la vifaa. Alikubali. Mahir alirudi kwenye karatasi zake. Alikuwa amefunga kidole bandeji.

Sikutaka kwenda mikono mitupu. Nilikata kipande cha bati la chuma, nikalikunja kwenye jiriwa liwe kama mfuko mdogo unaovishwa juu ya mdomo wa magazini, na mbele nikaliachia ulimi. Ukikibonyeza kile kifaa kwa kiganja, ulimi unazisukuma chini risasi zilizomo, nafasi inafunguka, unatia nyengine bila kutumia gumba. Siku hizi vinauzwa vya plastiki, mnaviona vya kawaida. Wakati ule pale kwetu hakuna aliyekuwa nacho, na mafundi wengi wangeona haya kukishika. Nguvu za gumba ndizo zilizokuwa ndevu zetu.

Njiani nilipita Izki. Maalim Zahran alikuwa amekaa barazani, macho yameshakwenda. Nilimsimulia yote, na sikujificha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyosha mkono nikampa kile kifaa, akakipapasa ukingo wote kwa ncha ya kidole.

"Kuna kali hapa," alisema. "Unataka kumkata tena?"

Nilipiga tupa pale pale barazani kwake. Alikipapasa mara tatu kabla ya kuniruhusu niondoke, na hakuniambia neno la kunifariji. Nilistahiki hivyo.

Ibra nilimkuta Bwana Suweid katika chumba chake cha kazi, mkono wa kushoto umefungwa, meza yake safi mno. Rayya aliniletea kahawa. Nikaamkia, nikasema nililokuja kusema: kwamba nilijua, kwamba nilinyamaza mara mbili, dirishani na kwenye gari, na kwamba namtaka radhi.

"Radhi nitakupa," alisema, "lakini si leo. Leo nimekasirika, Khalfan. Miaka arubaini na tano nimeshika patasi ile, haijanikata. Imenikata siku niliyoona haya."

Nikaweka kile kifaa mezani pamoja na magazini ya asili, niliyoisafisha kwa mkono wangu.

"Sikitaki," alisema.

"Baba," Rayya akasema.

"Nimesema sikitaki."

Basi Rayya akakivuta yeye. Nilimwonyesha mara moja. Akaisimamisha magazini mezani, akabonyeza, akatia, akabonyeza, akatia, na risasi za mazoezi zikaingia moja baada ya moja mpaka ya kumi na tatu, na mwalimu wa skuli yule hakukunja uso hata kidogo. Aliiweka mbele ya baba yake. Bwana Suweid aliigeuza kwa mkono wa kulia.

"Kiache hapo," akasema mwisho.

Miezi miwili ikapita. Siku moja, duka lina watu, mlango ukafunguka wakaingia wote wawili, baba na binti. Bwana Suweid kilemba kimefungwa vizuri. Bandeji haipo, gumba la kushoto limesimama wima kama kijiti. Aliweka kisanduku cha bastola juu ya kaunta, mbele ya Mahir, akaitoa magazini na kile kifaa changu, akaniita kwa jina nilete risasi za mazoezi. Nikaleta.

Alibonyeza kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akaibana kila risasi baina ya vidole viwili vya kati, kwani gumba halikunji, akaitia. Alihesabu kwa Kiswahili, kwa sauti, taratibu, kama anapima dhahabu. Watu wakasogea. Alipofika kumi na mbili vidole vilianza kuteleza, na Mahir akanyosha mkono kumsaidia.

"Weka mkono wako chini, kijana," alisema Bwana Suweid.

Akatia ya kumi na tatu. Akaimwaga magazini yote, akairudisha kisandukuni, akakisukuma mbele.

"Silaha yenu hiyo. Sikutaka kurudisha kitu nilichoshindwa nacho. Sasa nimekiweza, nakirudisha." Kisha akamngoja Mahir. Alimngoja sana. Na Mahir, mbele ya watu wote wale, alikohoa, akavuta daftari la kuandikia vitu vinavyorudishwa, akauliza nambari ya kibali.

Ndiyo hivyo. Hakuomba radhi siku ile wala baadaye. Miaka michache mbele alihamia biashara ya magari, na nasikia amefanikiwa sana. Mimi nilibaki mpaka nilipostaafu, na kibao cha Maalim mmekikuta. Mmekuwa mkinung'unika kwamba kinachelewesha wateja. Kichelewesheni. Mtu mpya akija, mwanamume au mwanamke, mzee au mwenye mkono mdogo, mkalisheni, mfundisheni, mpeni kifaa, na kama magazini haijazwi, ifungueni hiyo magazini kabla ya kumtazama mtu vidole. Na yule miongoni mwenu niliyemsikia mwezi uliopita anamwambia mteja "ongeza chapati, mzee", ajue nilimsikia, na ashukuru kwamba nilikuwa na wiki mbili tu zilizobaki.

Jambo moja nimeliacha, kwa sababu Bwana Suweid aliniomba nisilitaje akiwa hai. Alifariki mwaka jana, na Rayya ameniruhusu.

Siku ile ya kurudisha bastola niliwasindikiza mpaka kwenye gari. Alitembea mbele yangu wima, akiwaamkia watu wa sokoni. Rayya alimfungulia mlango, akaketi, mlango ukafungwa. Hapo ndipo alipoutoa mkono wa kushoto kutoka kwenye mkunjo wa kanzu. Kovu lilikuwa limevimba jekundu mpaka kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanaingia ndevuni.

"Ami," nilimwambia, "ungeacha."

Akatikisa kichwa. "Iliuma tangu ya nne," alisema.

Kisha akaupitisha mkono wake wa kulia dirishani, akanishika bega kwa nguvu, akaniachia. Rayya akawasha gari wakaondoka.